Amina ya Laini ya Mwisho

Mimi nilimwambia mume wangu, Ndolo. Nilimwambia akiwa amesimama hapa hapa mlangoni, koti la kazi begani: Baba Kavinya, kazi ya kanjo, halmashauri nzima ya jiji, haiachwi. Watu wanaililia usiku na mchana, wewe unaitupa? Akanitazama kwa ule upole wake wa kiofisi ambao hunichemsha damu, akasema, "Mama Kavinya, mtu hawezi kuwa afisa wa nyumba za kanjo mchana, halafu jioni awe mwenyekiti wa wapangaji wa kanjo. Huo ni mgongano wa maslahi." Mgongano! Nikamwambia mgongano atauona hapa ndani, sufuria zikianza kugongana zenyewe kwa kukosa kitu.

Lakini alikuwa ameshaamua. Na mimi, pamoja na kelele zangu zote, nilijua kwa nini.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, kabla ya zile mvua za Elnino. Jina la mtaa wetu sitalitaja, wanaoujua wanaujua: zile nyumba za mawe za kanjo karibu na Barabara ya Jogoo, kabla hujafika Buruburu kwa wenye kupanda maua. Nyumba zetu zimepangwa kwa laini, na yetu ndiyo laini ya mwisho, ile inayopakana na uwanja. Basi akatokea mtu anaitwa Mumo. Alianza kwa kuuza marobota ya mitumba pale Gikomba, Mungu akamfungulia, akawa na magari, akawa mzee wa kanisa. Siku moja akaja na watu wa kupima, wakatembea na kamba zao kutoka uwanjani mpaka kwenye madirisha yetu. Tukauliza, kulikoni? Tukaambiwa uwanja na laini ya mwisho vitakuwa jumba la maduka. Karatasi anazo. Alizitoa anakojua mwenyewe.

Wengine walifikiria uwanja. Mimi nilimfikiria Mwaitu.

Mwaitu ni mama mkwe wangu. Sisi Wakamba ndivyo tunavyomwita mama. Jina lake ni Syokau, na haoni. Macho yalimwisha pole pole humu humu ndani, miaka mingi iliyopita, kwa hivyo nyumba hii aliikariri huku mwanga ukienda. Humu haongozwi na mtu. Anajua kizingiti, anajua pembe ya meza, anapita kati ya kitanda na kabati bila kugusa nguo. Chai anapika mwenyewe, na sukari anapima kwa kidole, na ole wako umsogezee kikombe. Lakini mtoe nje hatua chache tu, hata hapo kwa jirani, anakushika mkono mpaka kucha zinaingia. Wakati mmoja tulimpeleka kwa dada yake Machakos akapumzike. Alikaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi mpaka jioni, haendi popote, haombi kitu, aliporudi nguo zilikuwa zinamning'inia. Alipokanyaga kizingiti hiki akalia. Basi kumtoa humu ni kumpofusha mara ya pili, na nyumba yenyewe imeandikwa kwa jina lake tangu mume wake afe, maanake mzee alikuwa dereva wa kanjo. Mpangaji ni yeye. Sisi wengine wote tunakaa kwake.

Hayo ndiyo yaliyomtoa Ndolo kazini. Si siasa, si kiherehere. Ni mama yake.

Wapangaji walimchagua kwa shangwe. Waliona, huyu ametoka ndani, anajua milango yote na wanaokaa nyuma yake. Na kweli alijua. Lakini jamani, mtu akikaa ofisini miaka yote hiyo, ofisi nayo inakaa ndani yake! Mikutano ya wapangaji aliiendesha utadhani mawaziri wanasubiriwa. Hakuna kusema mpaka umeinua mkono. Hakuna kumjibu mwenzako, sema kupitia kwa mwenyekiti. Jackton Odero, makamu wake, mtu wa karakana ya reli mwenye sauti ya kuita gari moshi, alikuwa akishika kichwa. "Omera, ndugu yangu, Bwana Afisa! Nyumba inaungua, wewe unauliza nani ameunga mkono hoja ya kuleta maji?" Watu wanacheka. Ndolo naye anacheka, halafu anauliza, "Kuna anayeunga mkono?"

Mambo yakafika mahali pamoja. Ofisi moja ya mambo ya ardhi, nayo siitaji, ikatangaza kwamba itamtuma afisa aje asikie wapangaji wa laini ya mwisho kwa masikio yake, hadharani, kama wanakubali kuhama au wanakataa. Wakikataa, Mumo hajengi. Wakikubali wote, basi.

Ndolo alifurahi mpaka akasahau kula. "Mlango ni huo mmoja," akatuambia. "Akiuliza, mjibu neno moja. Hapana. Msieleze, msilie, msitukane mtu. Hapana." Akatufundisha kila jioni pale uwanjani. Anasimama mbele, anakunja sauti kama afisa: "Mnakubali kuhama?" Sisi: "Hapana!" "Mmepewa muda wa kufikiri?" "Hapana!" Mpaka watoto wakalifanya neno hilo mchezo, unamtuma mtoto dukani anakujibu hapana ya mwenyekiti. Nilimzaba mmoja wa wangu kofi. Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kupata nguvu kidogo, nikajiambia, labda huyu mume wangu anajua anachofanya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Tulijaa uwanjani. Mwaitu nilimkalisha mbele kwenye kiti chake, kitambaa cheupe kichwani, mkono wake kwenye paja langu. Afisa akafika amechelewa, na aliyemleta ndani ya gari lake ni nani? Mumo. Tukaguna. Ndolo akainua mkono tunyamaze.

Sasa nyinyi mnajua mikutano yetu. Hakuna baraza linaloanza bila maombi. Hata wezi wakikutana Majengo nadhani wanafungua kwa sala. Na itifaki ya Ndolo, ile aliyotoka nayo kazini, inasema mgeni mkubwa ndiye anayemtaja mtu wa kuomba. Kwa hivyo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akamgeukia yule afisa. "Mheshimiwa, kabla hatujaendelea, tungependa umteue mtu atufungulie kwa maombi." Afisa hakufikiri hata kidogo. "Mzee Mumo yuko hapa. Mzee, tuombee."

Nikamwona Jackton anamkanyaga Ndolo mguu. Anamnong'oneza, na mnong'ono wa Jackton unasikika mpaka barabarani: "Kataa, yawa! Kataa!" Ndolo akajibu kwa pembe ya mdomo, "Mtu hakatazwi kuomba." Na kweli, ungemkataza vipi? Mzee wa kanisa ameshavua kofia, watu wameshainamisha vichwa. Mimi pia nikafumba macho.

Mumo anajua kuomba, hilo lazima niseme. Ana sauti ya chini, tamu, haina haraka. Akaanza na wagonjwa. Ee Bwana, waguse walio vitandani. "Amina," tukasema. Akaja kwa watoto wetu, wapate shule, wapate kazi, waepuke mabangi. "Amina!" Akaja kwa wajane. Akamtaja Mwaitu kwa jina. Mama yetu Syokau, Bwana, ambaye humwachi gizani hata siku moja. Mwaitu akasema, "Amina, Baba," na machozi yakamtoka. Tukawa tumelainika wote. Nasikia wanawake nyuma yangu wanavuta makamasi. Mumo akapandisha sauti. "Nasi watoto wako wa laini ya mwisho hatung'ang'anii vitu vya dunia, Baba!" "Amina!" "Nyumba hizi si zetu, ni zako!" "Amina!" "Tunaziachilia mikononi mwako, utupe zilizo bora kuliko hizi!" "Amina!" "Tunakubali, Bwana!" "Amina!" "Semeni kwa nguvu, tunakubali!" "Amina!" Na sauti iliyokuwa juu ya zote, ile iliyozoea kuongoza wimbo kanisani, ilikuwa ya Mwaitu.

Tulipofumbua macho, afisa alikuwa anafunga begi lake.

"Bwana Mwenyekiti," akasema, "nilitumwa nisikie wapangaji wakikubali au wakikataa. Nimesikia. Wamekubali kwa kauli moja, tena mbele za Mungu. Mimi sina swali lingine."

Ngai! Kwanza hatukuelewa. Halafu Jackton akapiga kelele, "Hapana!" na sisi tukadakia, hapana, hapana, kama tulivyofundishwa. Mumo akageuka pole pole, kofia kifuani. "Hapana gani, ndugu zangu? Mnamwambia nani hapana? Si mmetoka kumwambia Amina?"

Hapo ndipo alipotushika. Mtu unaweza kugombana na Mumo, unaweza kugombana na afisa, lakini utaanzaje kuirudisha Amina? Wazee wakaanza kutazama chini. Ndolo alikuwa amesimama pale pale, na kile kifungo chake kimefungwa vizuri. Nilitamani kumshika nimtikise. Itifaki! Itifaki imezingatiwa, baba, sasa tulale wapi?

Siku zilizofuata sizipendi kuzikumbuka. Ndolo alirudi kwenye ofisi alizozijua, na kule alikokuwa akiingia bila kubisha hodi sasa anakalishwa kwenye benchi na watu wa kuuliza mambo ya choo. Waliokuwa wakimwita mkubwa wanampita wakitazama ukuta. Akirudi jioni anakaa tu kitini. Kavinya, binti yetu, anamletea maji ya kuoga, yanapoa. Nilimkemea, nikambembeleza, nikamkemea tena. Mumo naye akatuma watu wakapaka alama nyekundu milangoni, na tingatinga likaletwa likaegeshwa pembeni mwa uwanja. Mwaitu alipitisha kidole mlangoni, akaikuta rangi haijakauka, akaniuliza, "Mbithe, ni nini hiki?" Nikamwambia kanjo wanapaka rangi. Akasema, "Vizuri."

Mwishowe mtu mmoja tu ndiye aliyemwonea huruma, mama anaitwa Wacuka, waliyekaa naye meza moja kazini miaka na miaka. Alikuja nyumbani kwetu, akakataa chai, akaeleza. Ripoti ya afisa inasema wamekubali wote. Wote. Akipatikana mpangaji mmoja tu wa laini ya mwisho, mmoja, aende mbele ya mkuu wa ile ofisi aseme hakukubali, ripoti inaanguka, na baraza lazima lirudiwe.

Mmoja tu! Tukaona tumepona. Jackton yeye hakufaa, nyumba yake iko laini ya juu. Tukaanza kubisha milango ya laini yetu. Mzee Nabiswa, jirani wa ukuta na ukuta, akasema atakwenda, kesho yake akaja amenywea: mkewe amemuuliza, utashika Biblia uape kwamba Amina yako ilikuwa ya mchezo? Na mtoto wetu anaumwa? Hawezi. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu Mumo alikuwa ameshamwahidi chumba cha duka kwenye hilo jumba, akatuambia huku akifunga mlango kwamba Mungu hufungua njia. Wengine walikuwa wameshaanza kutafuta vyumba Kayole, hawataki tena kusikia habari. Nyumba kwa nyumba, mpaka ikabaki yetu.

Ndolo akapiga magoti mbele ya mama yake. Nilikuwepo. "Mwaitu, twende ukaseme hukukubali."

"Lakini nilisema Amina."

"Ulimwambia Mungu, hukumwambia Mumo."

"Ndiyo maana." Akatafuta kichwa cha Ndolo kwa mkono, akakishika. "Mwanangu, Amina si chai, ikipoa unairudisha jikoni ikapate moto. Neno likishatoka kwangu limetoka. Mimi sina macho. Kitu nilichobaki nacho ni neno langu."

Hapo nilishindwa kujizuia. Mwaitu, nikamwambia, na heshima zangu zote, unajua utatolewa humu? Unajua utakaa kwenye kiti kama kule Machakos mpaka ufe? Akasema, "Najua, Mbithe." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikatoka nje nikalia kwa hasira, nikalipiga teke karai, likaniumiza.

Wacuka aliporudi tukamweleza. Halafu akasema, akitazama mlangoni kama anayeogopa kusikiwa, "Iko njia nyingine. Siipendi. Mpangaji akiwa hana akili timamu, kukubali kwake hakuhesabiwi. Na ripoti inaanguka vile vile. Lakini ni mtu wake wa karibu anayepaswa kusema hivyo. Mtoto wake, kwa mfano."

Nikamwambia Ndolo pale pale: usithubutu. Mama yako ana akili kuliko wewe, kuliko mimi, kuliko kanjo nzima. Zaburi anazo kichwani, siku za kuzaliwa za wajukuu anazo kichwani. Nje tingatinga lilikuwa limewashwa, dereva analipasha moto, madirisha yetu yanatetemeka. Jioni Ndolo akaniambia, "Ni neno tu, Mbithe. Mle ofisini ni neno tu. Linasemwa, linafungiwa kwenye faili, hakuna anayetoka nalo. Mimi nimekaa humo, najua."

"Basi mwambie kwanza."

"Nitamwambia njiani."

Njiani hakumwambia. Nilimtazama, nikamkonyeza, nikamfinya. Alikuwa anatokwa na jasho mpaka shingoni. Mwaitu alidhani tunakwenda kusikiliza tu.

Ofisi ilikuwa gorofani, mjini. Nilimpandisha ngazi moja moja, kucha zake mkononi mwangu. Ndani alikuwepo yule afisa, alikuwepo Mumo na Biblia yake, na mbele yao mkuu wa ofisi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, uso hauna hila. Jackton akasimama nyuma yetu. Mkuu akasema, "Bwana Ndolo, wewe ulikuwa mtumishi wa umma, taratibu unazijua. Sema."

Ndolo akasimama. Akafunga kifungo.

"Mheshimiwa, mpangaji wa nyumba hiyo ni mama yangu mzazi." Akajifuta jasho shingoni. "Kwa muda sasa, mama yangu... akili zake si timamu. Hajui anachokubali. Kwa hivyo Amina yake haiwezi kuhesabiwa kuwa ni kukubali."

Mkono wa Mwaitu ulikuwa ndani ya wangu. Akautoa. Mtu asiyeona, katika nyumba asiyoijua, akautoa mkono wake akauweka kwenye mapaja yake mwenyewe.

Mumo aliruka juu. "Uongo mtupu! Mama Syokau? Huyu mama anatuongoza kuimba! Mwulizeni chochote!" Na alikuwa anasema kweli, mwizi yule. Siku hiyo ni yeye aliyekuwa anasema kweli.

Mkuu akavua miwani. "Mama, shikamoo. Usiogope. Nitakuuliza kitu kimoja tu. Huyu aliyesimama hapa akizungumza, ni nani wako?"

Nilijua kitakachotokea. Atasema, ni mwanangu Ndolo, kitinda mimba wangu, na jina la kijiji alikozaliwa, na nyumba imekwenda. Ndolo akasogea. Alikuwa analia kabisa, mtu mzima. "Mwaitu, ni mimi."

Akaugeuza uso wake kwenye ile sauti.

"Simjui," akasema.

"Si mwanao huyu, mama?"

"Nilikuwa na mwana. Huyu simjui."

Mkuu alivaa miwani yake, akaandika, akamwambia Mumo akae chini. Ripoti ikaanguka. Tingatinga likaambiwa liondoke. Kule nje kwenye ngazi Jackton alikuwa anaruka kama kijana. "Omera, umeona mama? Umeona alivyowapiga chenga? Wee, huyo mama ni kiboko!" Akamnyanyua Ndolo juu. Ndolo anacheka na kulia. Nilicheka pia. Nilidhani kama walivyodhani wao, kwamba bibi wa watu ametambua mchezo na kutuokoa.

Tulipofika nyumbani, Mwaitu alikanyaga kizingiti, akauachia mkono wangu, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Ndolo akaja akapiga magoti. "Mwaitu, nyumba tumeipata. Umetuokoa."

"Mbithe," akaniita, "kuna mtu humu ndani?"

"Ni Ndolo, Mwaitu."

"Mpe kiti. Mgeni haachwi amepiga magoti."

Ndolo akacheka. Akasema wale watu wameshabaki mjini, Mwaitu, hakuna anayetusikia. Akamshika mkono. Mwaitu akauondoa kwa adabu kabisa, jinsi unavyouondoa mkono wako kwa mtu mliyepakana kanisani, akaniuliza kama maji yamechemka. Kicheko cha Ndolo kikaishia pale.

Kesho yake nikamfuata jikoni, nikamwambia, Mwaitu, nakuomba, imetosha. Alikuwa anapima sukari. Akasema bila kugeuka, "Mbithe, yule alisema mama yake hana akili. Ningesema namjua, ningemfanya mwongo mbele ya watu, na nyinyi mngelala nje. Nikamfichia. Lakini nilichosema nimekisema. Unataka nianze leo kurudisha maneno yangu?" Sukari ikamwagika. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimwaga sukari. Nikapiga kelele, nikamwambia ni mwanao, Mwaitu, ni mwanao, alifanya kwa ajili yako! Akasema, "Nalijua hilo," akachukua kitambaa akapangusa.

Baraza likarudiwa, na safari hii tulisema Hapana kwa macho makavu kabla mtu hajasema tuombe. Mumo akaondoka na kamba zake. Ndolo akawa mtu wa kutafutwa: wapangaji wa mitaa mingine wakaungana na wetu, wakamfanya mwenyekiti wa wote, na wale waliokuwa wakimpita benchini wakitazama ukuta sasa wanamfungulia mlango wenyewe. Kila mahali ni Mwenyekiti, Mwenyekiti. Alama nyekundu nimeisugua mpaka imekuwa waridi. Mwaitu yuko humu humu, anapita kati ya kitanda na kabati bila kugusa nguo.

Ndolo hujaribu. Humletea ndizi zile laini anazopenda. Hukaa karibu naye akasoma Zaburi kwa sauti, akikosea makusudi ili asahihishwe. Mwaitu humsikiliza mpaka mwisho, kisha husema asante, Mungu akubariki, baba. Baba, vile unavyomwambia mtu yeyote aliyekusaidia njiani.

Na kila jioni, tukishakaa mezani, hugeuza uso upande wangu, si upande wa Ndolo, akauliza kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Mbithe, yule mgeni amekula?"

"Amekula, Mwaitu," namjibu, na Ndolo yuko pale pale mbele yake, kijiko mkononi, hajagusa kitu.